Tumbo la Masasi

Kibuyu cha bibi kimekaa juu ya kabati la vyombo, hapa kwangu Tabata, kati ya hotipoti za harusi ambazo hazijawahi kutiwa chakula na boksi tupu la jiko la gesi. Nilikuja nacho kwenye basi kutoka Katesh, nimekipakata kutwa nzima kama mtoto, na kila kituo kondakta ananiambia nikiweke kwenye buti. Ni kirefu, shingo nyembamba, na tumboni kina mshono wa uzi wa ngozi mahali kilipopata ufa kabla sijazaliwa. Mwaka ule wa kwanza ukikifungua kilikuwa kinatoa harufu ya moshi, ya siagi iliyokaa, na ya uchachu fulani unaopanda hadi machoni. Sasa hakinuki kitu. Juzi mwanangu alipanda kiti, akakifungua, akachungulia kwa jicho moja, akaniuliza humu mlikuwa mnaweka nini.

"Maziwa."

"Kwa nini msiweke kwenye friji?"

Sikuwa na jibu la haraka, na yeye hakulisubiri.

Bibi mzaa mama alikuwa Mbarbaig wa chini ya mlima Hanang. Baba alitoka Masasi, nchi ya mikorosho na mihogo, ambako kwa vizazi mbung'o ndiye aliyeamua nani afuge na nani asifuge. Alipangiwa kufundisha shule ya msingi upande ule miaka ya sabini, akampata mama, akalipa mahari kwa ng'ombe aliowanunua mnadani. Walikuwa wamekonda kiasi kwamba, kwa masimulizi ya wajomba, mmoja alibidi asukumwe hadi bomani.

Nilipofika miaka miwili mama akawa na mimba ya mdogo wangu, ikabidi niachishwe ziwa. Kwanza alipaka shubiri kwenye chuchu. Nasimuliwa kwamba nilionja, nikakunja uso, nikashika ncha ya kanga yake nikafuta, nikaendelea. Ndipo ikatumika ile dawa ya mwisho inayojulikana kila mahali: nikapelekwa kwa bibi. Kilio cha wiki ile sikikumbuki. Bibi alinibeba mgongoni, akaninywesha maziwa ya ng'ombe kwa kikombe cha bati, na siku ya nne au ya tano nikaacha kumtaja mama. Mama alipoletewa habari kwamba nimenyamaza, akalia yeye.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba ile shubiri ilikuwa ya haraka tu. Mwili una shubiri yake. Katika maziwa ya karibu kila mnyama anyonyeshaye mna sukari iitwayo laktosi, ambayo damu haiwezi kuipokea ilivyo. Sharti kwanza ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktezi, kinachokaa kwenye kuta za utumbo mwembamba. Mtoto huzaliwa nacho tele. Kisha, baada ya umri wa kuachishwa ziwa, kwa wengi kuanzia miaka miwili hadi mitano na kuendelea, utumbo unaanza kukipunguza. Hauagizwi na mtu. Ndama ni hivyo, na mbwa, na paka, na tembo. Mama ana mwingine tumboni au njiani, na yule wa kwanza anafungiwa mlango kutoka ndani yake mwenyewe, polepole, bila kilio.

Mlango ukishafungwa, maziwa mabichi yakinywewa hupita utumbo mwembamba bila kuguswa, yakateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huandaa karamu. Gesi inajaa, maji yanavutwa, tumbo linaunguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mwenye tumbo hilo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi mlango wangu ulifungwa mapema. Likizo za shule nilikuwa napelekwa kwa bibi, na nadhani nilikuwa darasa la pili au la tatu usiku ule aliponiwekea kiganja tumboni, gizani, akasikiliza. Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika. "Mume wangu," akasema, maana bibi na mjukuu ndivyo walivyotaniana, "hili si tumbo la kwetu. Hili ni tumbo la Masasi." Kesho yake akaacha kunipa maziwa ya asubuhi yaliyotoka kukamuliwa, akawa ananimiminia ya kwenye kibuyu.

Nilichukia. Binamu zangu walikuwa wanakunywa yale mabichi, yenye povu, bado yana joto la ng'ombe, na wanajipangusa mdomo kwa mkono kama wanaume. Mimi napewa mgando, chakula cha wazee na wagonjwa. Kwa miaka kadhaa niliendelea kuyaiba yale mabichi na kulipia usiku. Halafu nikaacha, kama mtu anavyoacha ugomvi asioweza kuushinda.

Madaktari nao walichelewa kuliko bibi. Hadi miaka ya sitini vitabu vya tiba, ambavyo vingi viliandikwa na wanywaji maziwa wa Ulaya ya kaskazini na Marekani, vilichukulia kwamba mtu mzima kumeng'enya laktosi ndiyo kawaida. Mwaka 1965 kikundi cha watafiti huko Baltimore kikagundua kwamba Wamarekani wengi weusi wenye afya nzuri kabisa hawana laktezi ya kutosha. Mwaka uliofuata, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Cook na Kajubi wakapima watu wa Uganda na jirani zake: Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, wakaimudu laktosi, Waganda, watu wa ndizi, wengi wao hawakuimudu. Walichokiona wakakiita upungufu. Neno hilo limebaki. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikiwa kwenye daftari la zahanati kwamba nina upungufu, na nikatoka pale nimeinamisha kichwa kidogo, kana kwamba kuna kitu nilipewa nikakipoteza njiani.

Hesabu inasema vinginevyo. Kama theluthi mbili za watu wazima wa dunia wamefungiwa mlango huo. Ndio wengi, na ndio wa zamani. Anayekunywa maziwa ukubwani bila kuumwa ndiye ambaye ndani yake kuna kitu kilisahau kufunga. Ikiwa tutaulizana nani kapoteza nini, basi mimi nilipoteza kile ambacho kila kiumbe anyonyaye alikusudiwa kukipoteza, na mdogo wangu hakukipoteza. Maana mdogo wangu, yule yule aliyenitoa kifuani kwa mama, anakunywa maziwa mabichi lita nzima hadi leo, na hutangaza jambo hilo mbele za watu.

(Kuna ugonjwa wenye jina linalohusu ndugu wa namna hii. Kwashakoo, tuliyokuwa tukiiona kwenye mabango ya kliniki, mtoto ana tumbo kubwa na nywele nyekundu, ni neno la Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams ndiye aliyelipeleka kwenye majarida ya tiba miaka ya thelathini akiwa Gold Coast, na maana yake ni maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa pale mwenzake anapozaliwa. Kwetu hayakufika huko. Kulikuwa na bibi.)

Kinachosahau kufunga kimeshatafutwa na kuonekana. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waliipata herufi moja ya vinasaba ambayo Wazungu wanywaji maziwa wanayo na wengine hawana. Lakini ilipotafutwa kwa wafugaji wa Afrika Mashariki haikuonekana, na watu hao wanakunywa maziwa. Ndipo Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, wakazunguka Tanzania, Kenya na Sudan na kupima watu 470 wa makabila 43. Mtu alipewa gramu 50 za laktosi zilizokorogwa kwenye maji, karibu sawa na iliyomo katika lita nzima ya maziwa, kisha akachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kuona kama sukari inapanda kwenye damu. Naweza kuwaona: wazee wamekaa kwenye viti vya shule, wanakunywa maji matamu yasiyo na rangi ya maziwa, wanatazamana. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Wafugaji wa kwetu wana herufi yao wenyewe, mahali pengine. Kwenye kromosomu ya pili, herufi kama 14,000 kabla ya jeni ya laktezi, penye G pamekuwa C. Ni badiliko la herufi moja katika herufi bilioni tatu. Walikadiria kwamba lilianza kuenea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, na kwamba lilienea kwa kasi ambayo ni nadra kuonekana katika vinasaba vya binadamu.

Nakala moja ya herufi hiyo inatosha, ya baba au ya mama. Kwa hiyo hesabu ya nyumbani kwetu ni rahisi, na nimeifanya mara nyingi kuliko inavyostahili. Bibi alikuwa nayo. Mama anayo, anakunywa. Baba, mtu wa Masasi, sidhani. Basi mama alikuwa na nakala moja yenye C na moja yenye G, na kila alipobeba mimba ilikuwa shilingi imerushwa juu. Kwangu ikaangukia upande mmoja, kwa mdogo wangu upande mwingine. Kitu kilichotoka kwa bibi wa bibi yake bibi, kikapita njaa na vita na uhamiaji wa kutoka Ziwa Turkana hadi Hanang, kikamfikia mama mzima mzima, kilikatikia kwenye mimba yangu. Na tukisema haki, Wahadza walioko kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mishale, mizizi na asali na hawana hata mbuzi, karibu nusu ya waliopimwa waliyamudu maziwa. Mwindaji anaweza. Mjukuu wa mfugaji hawezi.

Hapo nilikaa kwa muda nikijihurumia. Kilichonitoa ni swali la mwanafunzi mmoja wa mdogo wangu, ambaye ni mwalimu kama baba: kwa nini herufi ile ilienea? Maziwa ni matamu, sawa, lakini utamu hauongezi watoto. Ili herufi moja itoke kwa mtu mmoja iwafikie watu wengi namna ile, lazima wasiokuwa nayo wawe wanaacha watoto wachache. Na njia kubwa ya kuacha watoto wachache ni kufa.

Mwaka 2022 kundi la Richard Evershed wa Bristol na Mark Thomas wa London lilitoa utafiti wa vyungu vya kale vya Ulaya, mabaki ya mafuta karibu 7,000 kutoka maeneo zaidi ya 550. Waligundua kwamba watu walitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla ya ile herufi ya kwao kuwa ya kawaida. Waliyanywa na matumbo yakaunguruma, wakaishi. Kwa mtu aliyeshiba, gesi ni aibu tu. Maelezo wanayoyapendekeza ni haya: mavuno yakikosekana, maziwa ndiyo chakula kilichobaki, na mtoto aliyekonda akiyanywa mabichi akaharisha, kuharisha kule siyo aibu tena. Ongeza maradhi yanayozunguka pale watu na mifugo wanapobanana sehemu moja. Ndipo tofauti ya herufi moja inakuwa tofauti ya kuamka na kutoamka.

"Uteuzi wa asili" ni maneno yaliyooshwa mno. Mimi nikiyasoma naona nyumba moja usiku, mama mwenye watoto watatu, ng'ombe mmoja aliyebakiza maziwa ya kikombe. Anayagawa sawa kwa sawa, maana anawapenda sawa. Asubuhi wawili wamelegea na mmoja anataka mengine. Hajui kwa nini. Atamlaumu jirani, atalaumu jicho la mtu, atajilaumu kwamba hakuyachemsha. Atazika. Yule mmoja ndiye bibi yetu. Hiyo kasi ambayo wataalamu wameisoma kwenye vinasaba ni hesabu ya makaburi madogo, na hayo makaburi hayana alama. Alama yake ni mdogo wangu kupangusa povu mdomoni na kujisifu.

Na hata herufi haitoshi. Miaka ya mwisho ya 1880 sotoka iliingia pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Waitalia huko Eritrea, ikashuka kusini, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa Umasaini. Sehemu nyingi ng'ombe walikufa karibu wote. Wamaasai wanazo habari za wakati huo kwa jina la emutai, kumalizika. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa na vijana wa vita waliokuwa wakitambaa kwa mikono na magoti. Hao walikuwa watu wenye herufi ile kuliko karibu yeyote duniani. Milango yao ilikuwa wazi kabisa na hapakuwa na cha kupita. Sotoka ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011, nilisikia kwenye redio nikiwa kwenye foleni, ikafuatia habari ya mpira.

Bibi hakuwahi kutaja sotoka. Alikuwa na msiba wa karibu zaidi: tambarare za malisho ya mvua, chini ya mlima, zilizogeuzwa mashamba makubwa ya ngano tangu mwisho wa miaka ya sitini. Trekta zilipita hadi juu ya makaburi ya wazee. Mkate wa mjini uliongezeka, ng'ombe wa kwao wakapungua, na nilipoanza kuwa na akili ya kuhesabu alikuwa na kumi na mbili. Alipofariki walikuwa wanne.

Sasa nirudi kwenye kibuyu, maana nimekizunguka muda wote huu.

Kwenye nyanda za juu za Mbulu, si mbali sana na kwetu, kuna mahali panaitwa Luxmanda. Miaka kama 3,000 iliyopita walikaa hapo wafugaji, kijiji kikubwa, kusini kuliko vyote vya aina yake vinavyojulikana. Audax Mabulla, Mary Prendergast, Katherine Grillo na wenzao wamekichimba, na ndani ya vigae vya vyungu vyake mmeonekana mafuta ya maziwa yaliyonywewa na udongo. Kwa hiyo maziwa yalikuwapo. Lakini vinasaba vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania vilipopimwa, matokeo yakatoka mwaka 2019, kati ya wale ambao mahali pale pa herufi palisomeka ni mmoja tu aliyekuwa na ile C: mtu aliyezikwa kwenye pango la Gishimangeda, karibu na Eyasi, miaka kama 2,000 iliyopita. Mmoja. Wengine waliobaki walikuwa na tumbo la Masasi, kila mmoja wao, na walikaa na ng'ombe maisha yao yote.

Walikuwa wakiyafanya nini maziwa? Nadhani najua, kwa sababu nimeona.

Bibi alikuwa anaanza jioni. Anakisuuza kibuyu kwa maji ya moto kidogo, siyo mengi, anakisugua ndani kwa kijiti kirefu chenye nyuzi nchani, anamwaga. Halafu anatoa jikoni kijinga cha mti fulani, kinachowaka bila kutoa ndimi, anakiingiza kwa shingo ya kibuyu na kuanza kukizungusha. Ndani unasikia makaa yakigonga kuta, kavu, kama mbegu. Moshi unatoka kwa mdomo wa kibuyu mwembamba na wa samawati, na yeye anausikilizia kwa pua, siyo kwa macho. Unapofika anapopataka anakipindua, anagonga makalio ya kibuyu mara tatu, masizi yanaanguka. Anamimina maziwa. Anakifunga. Anakitundika. Hakukisafisha kikatakata, na sasa najua kwamba hilo ndilo lililokuwa siri: kwenye kuta zake yalibaki maziwa ya jana, na ndani ya hayo wale bakteria, ambao usiku kucha waliila ile laktosi na kuigeuza asidi. Asubuhi sukari imepungua, uchachu umeingia, na kazi ambayo tumbo langu halikuiweza imekwisha kufanyika sehemu kubwa kabla ya kikombe kufika mdomoni. Kibuyu kilikuwa utumbo wa pili, umetundikwa kwenye mwamba wa paa.

Kwa hiyo siku ile aliponinyima maziwa ya povu hakuninyima. Alinipa urithi wa wale wa Luxmanda, ule wa zamani zaidi, wa kabla ya herufi. Nimechelewa kumshukuru kwa miaka mingi kuliko inavyosameheka.

Kibuyu hakidumu ardhini. Mchwa, mvua, miaka miwili kimekwisha. Ndiyo maana nilipokuwa nikisoma habari za Njoro, kule Kenya, nilisimamisha kitabu. Mwaka 1938 Mary na Louis Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro wakakuta mabaki ya watu karibu 80, waliochomwa moto miaka kama 3,000 iliyopita, kila mtu na vitu vyake: bakuli za mawe, shanga, vijiwe vya kusagia, na vibuyu. Vibuyu vilikuwa mkaa. Moto ule ule uliomla mwenyewe ndio uliokihifadhi chombo chake. Kilichobaki hadi leo kimebaki kwa sababu waliamua kukipoteza.

Sisi hatukumzika bibi na kibuyu chake. Tulikigawa, kama tulivyogawa blanketi na sufuria, na mimi nikakiomba. Nilidhani nimechukua kitu. Lakini kilichokuwa ndani yake kilihitaji kulishwa kila siku, na wiki tatu za mwisho alizolazwa wilayani wajomba walikuwa wakikamua na kuyatia maziwa kwenye dumu la plastiki, kijana wa bodaboda anayapitia alfajiri kuyapeleka mjini. Hakuna aliyekumbuka kukijaza. Kilikauka pale pale kilipotundikwa, jikoni, kabla hajakauka yeye. Nilichopakata kwenye basi, kwa heshima yote ile na ugomvi wote ule na kondakta, kilikuwa tayari maiti.

Mwaka jana nilijaribu. Nilinunua maziwa mabichi kwa mama mmoja anayefuga Kinyerezi, nikakisuuza kibuyu, nikawasha kijiti, nikakizungusha ndani nikisikia ile sauti ya mbegu kavu, karibu nilie. Nikamimina, nikakifunga, nikakitundika kwenye dirisha la jiko. Siku ya pili nikajimiminia glasi. Yalikuwa machungu. Siyo uchachu, uchungu, ule wa kubana taya na kukaa kooni hadi jioni. Nikampigia mama mdogo aliyebaki Katesh.

"Umetumia mti gani?"

"Mwarobaini. Uko hapa kwa jirani."

Alicheka hadi akaniudhi, kisha akakohoa, kisha akamwita mtu aje asikie. Akanitajia ule mti wa bibi kwa Kibarbaig. Akarudia. Mara ya tatu mtandao ukakata, na jina lile sikulishika. Nilikaa pale miaka yote ya likizo, nikauona kila jioni, nikaupenda moshi wake, na sikuwahi kuuliza unaitwaje.

Amenitumia vijiti kwa basi. Vilifika Alhamisi vikiwa vimefungwa kwenye kiroba cha unga, namba yangu ya simu imeandikwa juu kwa kalamu nene, na mpokea mizigo wa stendi akataka kujua kama ni dawa. Nilivunja kimoja nikakinusa. Kibichi hakinuki chochote. Sijui kama ni ndicho. Nimevipanga juu ya kabati, pembeni ya kibuyu.

Mwanangu ana miaka sita. Kila usiku anakunywa glasi nzima ya maziwa ya pakiti kabla ya kulala, na mama yake ni mtu wa Songea, kwa hiyo nadhani ninajua habari itakavyokwenda, ila sijui ni lini. Jana alipolala nilikwenda nikakaa kitandani, nikamwekea kiganja tumboni, nikasikiliza. Kimya. Nikakisogeza kidogo.

"Baba," akasema bila kufumbua macho, "unanitekenya."